Kibanja cha Ijumbi na Mtoto Mwenye Pasipoti ya Uganda

Siku ya kwanza kazini nilimfokea mteja. Nasema mapema usije ukadhani unasoma maneno ya mtu mpole. Ilikuwa ofisi ya wakili, Bukoba mjini, ghorofani juu ya duka la vitenge, na kazi yangu ilikuwa kupokea watu na kuwaambia wakae. Akaja baba mmoja, shati limepigwa pasi vizuri kweli. Anataka kuandikiwa wosia wa baba yake.

"Baba yako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani, amelala. Hakuna haja ya kumsumbua mzee. Mimi nitasema anachotaka."

"Kwa hiyo umekuja kumrithi mtu aliyelala?"

Sauti ilifika mpaka kwa bodaboda barabarani. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Wakili, mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Akamsikiliza yule baba, akanisikiliza na mimi, halafu akasema, "Binti ana haki. Wosia anausema mwenye mali, kwa mdomo wake, akiwa na akili zake. Mlete mzee akiamka." Baba akashuka ngazi. Wakili akanigeukia. "Neno lako lilikuwa zuri. Ila siku nyingine liseme kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai."

Tangu pale sikuwa na bosi mwingine duniani.

Leo nimestaafu. Cheka tu, wanacheka wote, mstaafu gani hana mvi hata moja. Lakini Wakili alipofunga ofisi, magoti yamechoka na macho yamechoka, kijana aliyechukua wateja wake alinibembeleza nibaki. Ofisi nzuri, ina feni. Nikamwambia hapana, mimi niliingia na yule mama na ninatoka na yule mama. Sasa nina duka la steshenari, natoa kopi, na makarani wadogo wa mahakamani wanakuja kuniuliza hivi na vile. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Ndiyo maana naandika.

Sheria sikuisomea. Kidato cha nne kilinikataa, na mimi nikakikataa. Nilijifunza kwa kuchapa. Kila nilichokichapa nilikiuliza, mpaka Karani Mkuu, mzee wa tai aliyekaa meza ya dirishani, akaniambia, "Kemi, unachapa au unasoma?"

"Vyote viwili, mzee."

"Basi chapa kwanza. Kusoma hakuna foleni mlangoni."

Lakini jioni alinifundisha. Kitu cha kwanza alichonipa ni tofauti ya watu wawili ambao kwetu Buhaya wanachanganywa kila siku. Kuna musika, yaani mrithi wa kimila. Huyo ukoo unamkalisha kwenye kiti cha marehemu baada ya matanga, anavalishwa kanzu, anakuwa baba wa nyumba. Na kuna msimamizi wa mirathi. Huyo anateuliwa na mahakama, kazi yake kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kurudi mahakamani kusema nimemaliza. Musika anaweza kuwa msimamizi, anaweza asiwe. Watu wanapigana mapanga kwa kutojua hilo tu.

Kitu cha pili ni kodi. Mteja akiingia tu: "Serikali itachukua kiasi gani baba akifa?" Hakuna kodi ya kurithi hapa kwetu. Kodi inakuja ukiuza, wanatoza ile faida ya mauzo, na muuzaji asiye mkazi wa nchi wanamtoza kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo familia yenye watoto nje inatakiwa ifikirie mapema nani atauza, lini, akiwa anakaa wapi. Tulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, duka la vyombo, familia yake ilikuwepo Bukoba tangu babu zake, watoto wote ng'ambo na uraia wa huko. Wakili alimshauri auze jengo mwenyewe angali hai na yuko hapa, agawe fedha, badala ya kuwaachia watoto jengo wasiloruhusiwa kulishika kwa kuwa si raia. Mzee akakubali. Akasaini, akatulia, akasema, "Mama Wakili, jengo nimeuza. Hiki kibaraza ninachokaa asubuhi watu wakanisalimia, hiki nimeuzaje?" Wakili alimwagizia chai.

Baadaye nilipelekwa Muleba. Chumba kimoja karibu na stendi, meza, viti, kompyuta inayozima ikijisikia. Wakili alikuwa anakuja siku za gulio, siku nyingine niko peke yangu. Huko ndiko nilikoijua kazi, kwa sababu Muleba watu hawana majengo, wana vibanja. Na kibanja siyo shamba, usije ukakosea. Kibanja ni migomba, kahawa, nyumba, na nyuma ya nyumba makaburi. Ukimwambia Mhaya uza kibanja ugawe fedha, umemwambia auze na babu yake.

Wakili alikuwa na sharti moja ambalo mawakili wenzake walilicheka. Haandiki wosia wa kibanja kabla hajakitembea. Anavaa mabuti ya mvua, anazunguka mpaka wote na familia nyuma yake. "Ulioandikwa mezani unafia mezani," alisema. Nilidhani ni ukaidi wake. Nilielewa tulipokwenda kijijini Ijumbi.

Mzee wa Ijumbi aliitwa Ta Byabato. Kifua kilikuwa kimemshika na daktari alishawaambia watoto wasiende mbali. Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, Mutashobya, alivuka mpaka wa Mutukula akiwa kijana, akafanya biashara Kampala, akaoa huko, na mwisho akachukua uraia wa Uganda ili apate leseni zake vizuri. Uganda wanaruhusu uraia wa nchi mbili. Sisi haturuhusu. Mtu mzima ukichukua wa kule, wa huku umeanguka wenyewe, hata kama unaongea Kihaya kuliko katekista. Mdogo ni Ma Koku. Aliachika, akarudi kwa baba na watoto wake, na ndiye aliyekishika kile kibanja.

Sasa tazama hatari ilipo. Mzee akifa bila wosia, ukoo utamkalisha Mutashobya kiti, na kimila kibanja chenye makaburi ni cha musika mkuu. Lakini ardhi ya kijiji haimilikiwi na asiye raia. Na tayari kulikuwa na binamu mmoja mjini, amejitolea kibanja kiandikwe jina lake "amshikie kaka". Amshikie! Nimeona wangapi wameshikiwa. Siku binamu akifa watoto wake wanakuja na fundi kupima, na wewe mwenye mali unaambiwa uonyeshe karatasi. Huna. Koku na watoto wake wangekuwa barabarani.

Tulifika asubuhi. Ta Byabato alikuwa kibarazani amejifunika blanketi, akaagiza tuletewe akamwani kwenye kikapu kidogo, kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni. Nilitafuna kwa heshima.

"Huyu wa mjini atavunja meno," mzee akasema.

"Meno yangu mazima, waitu mzee. Nimeyazoesha kwa wateja."

Akacheka, akakohoa. Mutashobya akafika na gari lenye namba za Uganda, suti, viatu vyeupe. Akaanza kusalimia watu, ssebo huku, ssebo kule, yaani bwana, Kiganda hicho. Koku akiwa na jembe mkononi akamwambia, "Salimia kama mtu wa kwenu. Ssebo iache Mutukula kwa watu wa pasipoti."

Tukautembea mpaka. Kwetu mpaka ni milamula, ile mimea mirefu yenye majani kama panga, inapandwa pembeni na haifi kirahisi. Mzee alibebwa kwenye kiti na vijana wa jirani, akionyesha kwa fimbo. Hapa kwetu, pale kwa fulani. Migomba mingine ilikuwa imekatwa kwa sababu ya mnyauko. Tukapita makaburini, mengine yana saruji, mengine mawe tu. Mutashobya akabaki nyuma pale. Nilimwona, sikumtilia maanani. Nilidhani anafuta viatu.

Sebuleni Wakili akasema mpango. Mzee alikuwa na mali mbili: kibanja, na nyumba ya kupangisha Masaka, huko Uganda, aliyoijenga zamani alipokuwa akifanya biashara ya kahawa na Waganda. Kwa sheria mpango unajipanga wenyewe. Nyumba ya Masaka apewe Mutashobya, yeye ni raia wa kule, hatapata shida kuiandikisha. Kodi ya pango analipa kule. Mzee mwenyewe, kwa kuwa ni mkazi wa huku, pango lile alitakiwa alitaje na huku, aonyeshe risiti za kule ili asitozwe mara mbili, na hilo Wakili alishalinyoosha. Kibanja apewe Koku. Usika, kile kiti na kanzu na kuitwa baba wa nyumba, apewe Mutashobya, maana kiti cha ukoo hakiulizi pasipoti.

Mpango safi. Nyumba ya Masaka ilikuwa na thamani kubwa kuliko kibanja, kila mtu mle ndani alijua. Nikafungua kompyuta.

"Hapana," Mutashobya akasema.

"Hapana ipi?" Wakili akauliza.

"Mimi mtoto wa kwanza nipewe matofali ya Masaka, na huyu apewe kwa baba?"

"Huyu ana jina," Koku akasema. "Na huyu ndiye aliyekuwa anapalilia wewe ukipiga picha Kampala."

"Nani alituma pesa za mbolea?"

"Ulituma, asante. Mbolea haijimwagi yenyewe."

"Mnanipa kiti bila kibanja. Kiti bila kibanja si kiti cha baa hicho?"

"Baa unazijua wewe."

Mzee akainua mkono wakanyamaza. Mutashobya akageukia Wakili, amekunja uso. "Na wewe mama, Koku amekuahidi nini?"

Hapo damu ikanipanda. Yule mama alikuwa ametembea kilima kizima na magoti mabovu, na wala hakuwa ametaja malipo. Nikasimama. "Funga mdomo wako! Huyu unayemsema amekataa wateja watatu leo aje kukuokoa na binamu yako mwizi! Wewe na viatu vyako vya harusi—"

"Kemi," Wakili akasema taratibu.

"Bosi, amekutukana!"

"Nimesikia, sijaziba masikio. Nenda kaangalie migomba."

Nikatoka, nikaenda kuangalia migomba. Kuangalia migomba ilikuwa adhabu yangu ya kawaida, najua migomba ya nusu ya wilaya. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikipiga teke majani. Punde nikasikia viatu. Mutashobya naye amefukuzwa.

Tukasimama pale makaburini, kila mtu anaangalia upande wake. Mimi kunyamaza siwezi.

"Hebu niambie," nikasema. "Nyumba ina wapangaji, ina mabati mapya. Hapa kuna mnyauko. Unataka nini hapa?"

"Nataka kulala."

"Chumba kipo. Koku atakutandikia."

"Siyo chumba." Akaonyesha chini kwa kidole. "Hapa."

Akaanza kusema, Kihaya kitupu sasa, hakuna ssebo hata moja. Mke wake alifariki Kampala, ndugu wa kwao wakagombana azikwe wapi, wakamzika kwenye makaburi ya mji. Kaburi lina namba. Kila akienda lazima amuulize mlinzi. "Kibanja kikiwa cha Koku, baada yake ni cha watoto wake. Watoto wake ni ukoo wa baba yao. Mimi nikija nimelala kwenye sanduku, na pasipoti ya nchi nyingine, nani atanifungulia? Watasema huyu ni mgeni."

"Kwa nini hukusema ndani?"

"Baba anakufa. Nikae mbele yake nimwambie habari za kaburi langu? Wewe umezaliwa wapi?"

Ana haki. Kwetu hilo halisemwi. Mtoto akitaja kifo chake mbele ya baba anayeumwa ni kama anamsukuma. Mtu mwenye busara angetafuta mzee wa ukoo, amnong'oneze, mzee amzunguke mzee mwenzake kwa mafumbo mpaka jioni. Mimi nilimshika mkono wa suti, nikaingia naye sebuleni, nikasema, "Huyu hataki kibanja! Anataka mahali pa kuzikwa!"

Wakili akavua miwani. Shangazi mmoja akashika mdomo, "Mawe!", yaani mama wee kwa Kihaya. Mutashobya alikuwa anaangalia sakafu kama mtoto wa shule.

Ta Byabato akamtazama mwanae. Halafu blanketi likaanza kutikisika. Nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka.

"Yaani anayekufa ni mimi," akasema, "na wewe unaniwahi nafasi?"

"Tata, sikumaanisha—"

"Kwa nini hukusema? Nimelala usiku nikisema huyu mtoto ana uchoyo, nimemzaa mimi? Kumbe anaogopa kulala nje." Akafuta macho. "Koku!"

Koku hakuwepo. Alikuwa ametoka. Tulipochungulia tukamwona kule nyuma amekata matawi ya mlamula kwa panga, anayachomeka ardhini kando ya kaburi la bibi yao.

"Njoo ulale nipime!" akamwita kaka yake.

"Koku, nina suti."

"Lala! Au unataka nikadirie, uje ukunjwe miguu?"

Na alilala. Naapa. Mtu mzima, suti na viatu vyeupe, chali kwenye majani makavu ya migomba, na dada yake anachomeka mlamula kichwani na miguuni. "Umenenepa Kampala," Koku akasema. "Nitaongeza upande huu." Kisha akakaa chini palepale karibu naye, akaanza kulia. Wale vijana waliombeba mzee wakaondoka taratibu bila kuambiwa.

Wakili akaniambia, "Sasa chapa."

Nilichapa, na kile kipengele nakijua kwa kichwa mpaka leo. Kibanja ni cha Koku. Akitaka kukiuza aanze kuwauliza wa ukoo. Lakini eneo la makaburi lisiuzwe wala kugawanywa, na kila mtoto wa damu yangu, awe raia wa nchi yoyote, ana haki ya kuzikwa humo na kuyatembelea. Wakili akawaeleza polepole: haki ya kuzikwa siyo umiliki. Serikali inauliza uraia wa anayemiliki ardhi, haiulizi wa anayelazwa ndani yake. Maiti mpakani inataka cheti cha kifo na kibali cha afya, basi. Mashahidi tukawapata wa ukoo na wasio wa ukoo, na hakuna shahidi anayerithi, hilo msilisahau kamwe, wosia mzuri mwingi umekufa kwa shahidi mrithi. Mzee akasaini kwa wino, jina lake lote.

Nilingoja nifokewe njiani. Tukafika Muleba. Tunashuka Wakili akasema, "Ulimtukana mteja, ukamburuta, ukataja kifo mbele ya mgonjwa."

"Ndiyo, bosi."

"Mimi nilimuuliza vizuri nusu siku nzima na sikulipata." Akashika nguzo ya kibaraza apumzishe goti. "Lakini usidhani ni njia. Mwingine angekufia pale sebuleni."

Na ndivyo ilivyo, vijana. Msiige.

Ta Byabato alifariki kabla ya msimu wa kahawa kuisha. Mutashobya alivuka Mutukula usiku uleule. Matanga yalipoisha alikalishwa kiti, akavaa kanzu ya baba yake, fupi kidogo, na Koku ndiye aliyemfunga vifungo. Binamu wa mjini alikuja, akala, akanywa rubisi, ile pombe ya ndizi, akaondoka. Mirathi tuliipeleka Mahakama Kuu badala ya mahakama ya mwanzo, kwa ajili ya ile nyumba ya Masaka, kwa sababu hati ya usimamizi inatakiwa kwenda kugongwa muhuri upya na mahakama ya Uganda kabla haijafanya kazi kule. Jaji akauliza nani ana pingamizi. Hakuna aliyekohoa. Wakili akanifinya mkono chini ya meza. Mishahara yote niliyopokea pale siikumbuki kama ninavyokumbuka ule mfinyo.

Sheria zinabadilika. Siku hizi nasikia habari za hadhi maalumu kwa wenye asili ya hapa wanaoishi nje, na huenda Mutashobya wa leo angeambiwa mengine. Muulizeni wakili wa leo, msiniulize mimi, nitawaambia ya enzi zangu na mtapotea. Ila watu hawajabadilika. Mteja akikataa kitu chenye thamani kubwa akang'ang'ania kidogo, msimwite mjinga haraka kama nilivyofanya mimi. Vaeni mabuti, mkatembee.

Mwezi uliopita nilipita Ijumbi nikitoka kumwona Wakili. Nikamkuta Mutashobya, siku hizi anakuja kila likizo, viatu sasa ni vya plastiki. Nikaenda nyuma kumsalimia mzee kaburini. Milamula ya Koku imeshika, imekuwa mirefu kuliko mimi. Katikati yake, pale kaka yake alipolala na suti, maharage yamejaa.

"Ma Koku!" nikapaza sauti. "Umepanda maharage kwenye kaburi la mtu?"

"Mtu yupi? Si yule pale anakula?" akajibu kutoka jikoni. "Niache ardhi ikae bure mpaka afe? Na hana hata dalili!"

Mutashobya alikuwa kibarazani na sahani ya ndizi kwa maharage, yaleyale. Hakugeuka. Alinyoosha sahani kuelekea jikoni.

"Niongezee," akasema.